Mtihani wa vitendo wa Biolojia: wanafunzi 72, hadubini 9, maabara moja. Mnaupangaje?

MkufunziPasua

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa watu wenye uzoefu wa mitihani ya vitendo vyuoni, hasa nyinyi wa Arusha na wa hapa Moshi ambao mazingira yetu yanafanana.

Tuna darasa la mwaka wa kwanza, wanafunzi 72. Maabara ni moja, inabeba watu 24 wakiwa wamekaa vizuri. Wakizidi hapo viwiko vinagongana. Hadubini zinazofanya kazi sawasawa ni 9. Siku zote mtihani umekuwa wa kukaa: kila mtu anapewa sampuli mbili za vyakula azipime, kisha anachora mchoro mmoja. Idara sasa inataka tupime na mengine yaliyofundishwa muhula mzima, yaani tishu, uainishaji wa mimea na wadudu, mgawanyiko wa seli na usomaji wa data. Pendekezo lililopo mezani ni vituo vya kuzunguka kwa kengele.

Ninachotaka kujua: muda mnaugawaje, mkupuo wa kwanza mnauzuiaje usipeleke majibu kwa wa pili na wa tatu, na hadubini mnazilindaje zisiharibiwe picha na watu 72 wanaozishika kwa zamu? Pia, kipimo cha vyakula tukiache kabisa au kibaki?

Vielelezo vya kununua bajeti yake ni ndogo, kwa hiyo mwenye mawazo ya vitu vinavyopatikana huku mlimani na mjini asisite.

FundiMaabara_Njiro

Mwalimu, kwa idadi hiyo vituo vinakufaa kabisa, ila piga hesabu ya muda kabla hujaandika swali hata moja. Watu 24 kwa mkupuo maana yake vituo 24, kwa sababu kengele ikilia kila mtu lazima awe na pa kusimama. Weka 20 vya maswali na 4 vya kupumzika. Dakika 3 kila kituo na sekunde 15 za kuhama: mzunguko mmoja unakula dakika 78. Ukiweka dakika 25 za kupanga upya kati ya mkupuo na mkupuo, unaanza saa 2:00 asubuhi na kumaliza kama saa 6:45 mchana. Siku moja inatosha.

Hizo dakika 25 usizipunguze hata ukibanwa vipi. Ndizo zinazofanya mtihani wa mkupuo wa tatu uwe mtihani uleule wa mkupuo wa kwanza. Ua limenyauka, slaidi imesogea, mche umevunjwa jani, kadi ya swali imelowa maji: mwanafunzi wa mwisho hana kosa lolote hapo, lakini alama anazikosa yeye.

Kuhusu majibu kuvuja, dawa ni saa za kuripoti. Mkupuo wa kwanza unatoka saa 3:18. Basi mkupuo wa pili na wa tatu wawe wameshaketi ukumbini saa 3:00, simu zimekusanywa na majina yameitwa. Wanaotoka wapite mlango mwingine na wasirudi eneo la ukumbi. Wa mkupuo wa tatu watakaa humo karibu saa mbili na nusu, kwa hiyo waandalie chai na kitu cha kutafuna, na wa kwenda chooni asindikizwe. Vyuo vingine hutunga matoleo mawili ya maswali ili kukwepa usumbufu huo. Kwa vielelezo vichache ulivyonavyo sikushauri, maana matoleo mawili hayalingani ugumu na malalamiko yake hayaishi.

Sasa maswali yenyewe. Dakika 3 zinatosha vipengele viwili vifupi: kitambue kitu hiki, taja kazi moja au sababu moja. Vipengele vitatu ni vingi. Mchoro usiuweke kabisa kwenye mzunguko, kwa kuwa mchoro wa maana wenye majina ya sehemu unataka dakika 15 hadi 20. Hesabu fupi inawezekana, mfano kukuza kwa hadubini: lenzi ya jicho mara 10, lenzi ya chini iliyo karibu na slaidi mara 40, jumla mara 400.

Kuna kosa ambalo watungaji wengi hawalioni mpaka siku yenyewe. Swali la kituo kimoja lisitegemee kituo kingine. Mwanafunzi anayeanzia namba 12 atakiona kituo cha 11 mwisho kabisa, kwa hiyo huwezi kuandika "kwa kutumia kielelezo cha kituo kilichopita". Na kinyume chake: kadi ya kituo kimoja isitoe jibu la kingine. Ukiandika kituo cha 4 "mmea huu wa kotiledoni moja" (yaani jani moja la mbegu), kisha kituo cha 9 unauliza mmea uleule una kotiledoni ngapi, umeshawapa alama ya bure wale tu waliokumbuka.

Vituo vya kupumzika usivipange pamoja. Kila kimoja kifuate vituo vizito, hasa vya hadubini na data. Sakafuni bandika mishale ya selotepu ya rangi ili mwelekeo uwe mmoja, na namba za vituo ziandikwe kubwa kiasi cha kusomeka kutoka upande wa pili wa chumba. Kengele ilizwe na mtu ambaye hana kazi nyingine. Msimamizi anayeshika saa huku anajibu maswali ya wanafunzi atapoteza sekunde 40 hapa na 30 pale, na vituo vya mwisho vitakosa muda wao.

Kabla ya kengele ya kwanza, mruhusu kila mtu asimame kwenye kituo chake cha kuanzia na uwaambie wazi: "Ukianzia kituo cha 7, jibu lako la kwanza linaandikwa kwenye mstari wa 7." Kosa la kuanza mstari wa 1 hutokea kila mara, na likishatokea majibu yote 20 yanahama. Zungushia kwa kalamu nyekundu namba ya kuanzia kwenye karatasi ya kila mmoja, kisha wasimamizi wawili wapite wakikagua ndani ya dakika 3 za kwanza. Ikifika kengele ya pili bila ukaguzi, umechelewa.

MwlBiolojia_UsaRiver

Namuunga mkono fundi kwa yote isipokuwa karatasi moja ya majibu. Tumieni vipande. Kila kituo kinakuwa na bahasha au kisanduku, mwanafunzi anaandika namba yake ya mtihani na jibu, anatumbukiza, anaondoka. Tatizo la mstari wa 1 linakufa hapohapo. Pia hawezi kurudi nyuma kubadilisha jibu baada ya kuona kitu kwenye kituo kingine. Wanafunzi 72 mara vituo 20 ni vipande 1,440. Ukikata karatasi ya A4 mara nane, ni karatasi 180 tu. Faida kubwa iko kwenye kusahihisha: mwalimu mmoja anasahihisha kituo kimoja kwa wanafunzi wote akiwa na kigezo kilekile kichwani. Hasara ni kuingiza alama, kwa sababu vipande 1,440 vinataka watu wawili, mmoja anasoma na mwingine anaandika. Na kipande kisicho na namba ya mtihani ni kipande kilichopotea, kwa hiyo chapeni namba ya kituo na nafasi ya namba ya mtahiniwa kabla ya kukata.

Vielelezo sasa. Kwa Moshi na Arusha kununua ni jambo la mwisho kabisa.

Jani la masale ni mfano safi wa mishipa sambamba, na liko kwenye kila mpaka wa shamba la Mchagga. Halinyauki upesi, linamaliza mikupuo yote mitatu bila kubadilika. Jani la mgomba nalo ni zuri kwa sababu linamtega mwanafunzi aliyekariri: mishipa inatoka kwenye mshipa mkuu kwenda pembeni, hivyo asiyejua atasema kotiledoni mbili. Kwa magonjwa ya mimea, chukueni majani ya kahawa yenye kutu. Unga wa rangi ya chungwa uko upande wa chini wa jani, kwa hiyo bandikeni jani likiwa limegeuzwa, na mfunike kwa kisahani cha kioo, la sivyo vidole vya mkupuo wa kwanza vitafuta spora zote. Hapo unaweza kuuliza kundi la kiumbe na namna kinavyosambaa.

Mwani wa Spirogyra unapatikana kwenye mifereji yenye maji ya polepole na jua la kutosha, nyuzi za kijani zinazoteleza mkononi. Ukusanyeni jana yake jioni na muuache kwenye beseni pana la maji ya mfereji, mahali pa baridi. Msiujaze kwenye chupa na kufunga kifuniko, unaoza usiku mmoja. Kuvumwani (moss) yenye vibonge vya spora tafuteni kwenye kuta za mawe zenye unyevu. Hivi vyote vinapatikana vijijini na barabarani. Ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Kilimanjaro msiende kuchuma bila kibali.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote ni cha viluwiluwi wa mbu. Weka vyombo viwili vya maji, A na B. Wa mbu aina ya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, wa aina ya Culex huning'inia kwa mshazari kichwa chini, akipumua kwa mrija ulio mkiani. Swali: yupi anahusiana na malaria, na umejuaje? Hapo unapima jicho la mwanafunzi. Angalizo ni kwamba meza ikigongwa wote wanazama, na mwanafunzi mwenye dakika 3 anaweza kupoteza moja akisubiri wapande tena. Kituo hicho kiwe kwenye meza ya peke yake, ukutani, mbali na njia. Na mtihani ukiisha, maji yale yamwagwe juani kwenye udongo mkavu, yasimwagwe mtaroni.

Maua yoyote mtakayotumia andaeni seti tatu, moja kwa kila mkupuo, mashina yakiwa ndani ya maji mpaka dakika ya mwisho.

Hadubini_Kibosho

Nijibu hilo la hadubini peke yake.

Ukiwa na 9, tumia 7 kwenye mzunguko na 2 zikae pembeni zikiwa zimewashwa na kulengwa tayari. Ikiharibika moja katikati ya mtihani unabadilisha ndani ya sekunde 15 za kuhama. Ukizitumia zote 9, kifaa kimoja kikigoma umepoteza kituo kizima.

Lenzi ya mara 100 inayotumia mafuta isiingie kwenye mzunguko. Eneo inaloonyesha ni dogo mno, ikiguswa kidogo tu picha imepotea, na mwanafunzi akijaribu kuitafuta anaweza kuvunja slaidi. Mafuta nayo yanahamia kwenye lenzi ya mara 40, na baada ya hapo kila kitu ni ukungu. Ncha ya mzizi wa kitunguu inasomeka vizuri kwa mara 400, chembe nyeupe za damu pia.

Slaidi ikishalengwa, funga ncha zake mbili kwa selotepu kwenye jukwaa. Weka kadi: "Zungusha skrubu ndogo tu. Usisogeze slaidi." Skrubu ndogo lazima uiruhusu, kwa kuwa mwenye miwani na asiye nayo hawaoni picha kwa mlengo mmoja. Hadubini ambayo skrubu kubwa inateleza ishuke kwenye orodha yako, hata kama lenzi zake ni safi: jukwaa linazama lenyewe taratibu, na baada ya vituo vitano hakuna kinachoonekana.

Unapouliza "kitambue kinachoonyeshwa", hakikisha kweli kinaonyeshwa. Kama lenzi ya jicho haina mshale, fungua lenzi ya juu, bandika kipande cha unywele kwa tone la rangi ya kucha kwenye ukingo wa ndani, kielekee katikati. Maelezo ya "seli iliyo upande wa kushoto juu" hayatoshi kwenye slaidi yenye seli mia.

Slaidi za maji zinakauka, hasa kwenye taa za balbu zinazotoa joto. Zungushia kingo za kioo cha kufunikia kwa rangi ya kucha au vaselini, na hata hivyo tengeneza mpya kila mkupuo.

Na hili ndilo litakalokuokoa: ukishamaliza kulenga, piga picha ya kila hadubini kwa simu kupitia lenzi ya jicho. Kila baada ya mkupuo fundi apite na simu hiyo akilinganisha picha na anachokiona. Ncha ya mshale ikiwa kwenye seli iliyo hatua ya metafezi ya mgawanyiko asubuhi, mchana isije ikawa kwenye iliyo hatua ya anafezi huku mwongozo wa kusahihisha unasema metafezi.

MkufunziPasua

Asanteni sana, haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Mambo mawili yamebaki. Umeme ukikatika katikati ya mkupuo tunafanyaje? Na kipimo cha vyakula, wengine idarani wanasema kiondolewe kwa sababu matokeo yake kila mwaka yanabishaniwa.

Hadubini_Kibosho

Umeme: simamisha saa papo hapo, kila mtu abaki alipo, karatasi zigeuzwe. Tochi ndogo za kuchaji zikae tayari kwenye kila hadubini ya taa, na kipande cha karatasi nyeupe juu ya tochi ili mwanga usambae. Hadubini zinazotumia kioo badala ya taa ziwekwe dirishani, lakini zisielekezwe jua lenyewe hata kwa sekunde, linaumiza jicho. Elekeza kwenye anga au ukuta mweupe. Mkirejea, kituo kilichokatizwa kianze upya na dakika zake 3 kamili kwa wote.

KemiaNaBaio_Arusha

Mwalimu, kipimo cha vyakula kisiondolewe. Kiwekwe siku yake, kwa muda wa saa moja na nusu, watu 24 kwa mkupuo. Kwenye vituo mwanafunzi anatambua, huku anafanya kwa mikono, na huwezi kumpa mtu cheti cha Biolojia bila kumwona akishika tesityubu. Ubishi wa matokeo unatokana na maandalizi, nami nitakuonyesha mahali unapoanzia.

Wanga. Usitumie unga wa mahindi, una protini na utapata rangi ya zambarau kwenye biureti (kipimo cha protini) ambayo hukuipanga. Tumia wanga wa maabara au unga wa muhogo uliochekechwa. Kwa asilimia 1, gramu 10 kwa lita. Koroga kwanza na maji baridi kidogo, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka, kama unavyokoroga uji, vinginevyo ni mabonge matupu. Uuandae asubuhi ya mtihani, maana ukilala usiku kucha bakteria wanaanza kuuvunja kuwa sukari na Benedict (kemikali ya kupima sukari) atabadilika rangi. Halafu uache upoe kabisa. Iodini kwenye wanga wa moto haitoi rangi ya bluu-nyeusi, rangi hujitokeza ikishapoa. Mkupuo wa kwanza ukipewa sampuli ya moto, wataandika "hakuna wanga" na watakuwa wameandika walichokiona.

Protini. Maziwa yana laktosi, ambayo ni sukari inayobadilisha rangi ya Benedict. Ukiyatumia, mwongozo wako ukubali protini na sukari pia. Ute mweupe wa yai ni bora: yai moja kwa sentimita za ujazo 200 za maji, koroga taratibu, chuja kwa kitambaa, usipashe moto. Lakini hata ute una glukosi kidogo, na Benedict anaweza kuonyesha ukijani hafifu. Kwa hiyo swali la sampuli hiyo lisidai "hakuna sukari kabisa" kabla hujaipima mwenyewe.

Biureti. Sentimita za ujazo 2 za sampuli, 1 ya haidroksaidi ya sodiamu ya asilimia 10, kisha kopa salfeti ya asilimia 1 tone kwa tone, ukitikisa. Wanaomimina kopa salfeti wanapata bluu inayofunika zambarau yote, halafu wanasema kemikali ni mbovu.

Sukrosi. Sentimita za ujazo 2 za sampuli na 1 ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, chemsha dakika 2 hadi 5, poza, kisha weka bikaboneti ya sodiamu kidogokidogo mpaka povu likome. Hapa ndipo wengi wanaanguka: wasiposawazisha asidi, Benedict hafanyi kazi, kwa kuwa anahitaji hali ya besi. Na sampuli moja isiwe na glukosi na sukrosi pamoja. Benedict akishabadilika rangi kwenye kipimo cha kwanza, cha pili hakithibitishi chochote.

Benedict mwenyewe anataka subira huku kwetu. Maji yanachemka karibu nyuzi 97 Moshi na karibu 95 Arusha, kwa sababu ya mwinuko. Joto hilo linatosha, ila mwanafunzi aambiwe kwenye karatasi ya maelekezo aache dakika 5 kwenye maji yanayochemka. Anayetoa tesityubu baada ya dakika 2 anaondoka na bluu.

Kiasi: kila mtu sentimita za ujazo 15 za kila sampuli. Kwa 72 ni 1,080. Ongeza robo kwa kumwagika na kurudia, tengeneza lita 1.5 za kila moja. Wanga utengenezwe wa siku hiyo tu. Benedict, kama kila mtu anafanya vipimo vinne vya sentimita za ujazo 2, ni 576. Andaa 750. Dropa ziwe na alama ya rangi na kila moja ibaki kwenye chupa yake. Dropa ya sampuli ya glukosi ikiingia kwenye chupa ya wanga, meza nzima itapata sukari isiyokuwepo.

Kisha saa moja kabla ya mtihani, mtu mmoja ambaye hakuandaa kemikali afanye mtihani wote kwa kufuata karatasi ya mwanafunzi, kwa chupa zilezile. Matokeo atakayoyapata ndiyo mwongozo wa kusahihisha. Kama kitabu kinasema nyekundu ya matofali na chupa zenu zinatoa kijani-njano, basi kijani-njano ipate alama kamili. Wapo wanafunzi wasiotofautisha kijani na nyekundu. Uliza mapema kwa faragha, na umwekee msaidizi wa kumtajia rangi tu, tafsiri abaki nayo mwanafunzi.

FundiMaabara_Njiro

Naongezea la kusahihisha, kwa sababu mwalimu wa Usa River amegusa vipande. Ukishapata alama, usiangalie wastani wa darasa tu. Linganisha kila kituo mkupuo kwa mkupuo. Kituo ambacho mkupuo wa kwanza wamepata wengi na wa tatu wamekosa karibu wote, kuna kitu kilisogea au kilinyauka. Rudi kwenye daftari la matukio, ambalo mshika kengele ameandika saa na kituo kila jambo lilipotokea. Ukithibitisha kituo kiliharibika, kiondoe kwa wanafunzi wote 72 na upige alama kwa vituo 19. Usikiondoe kwa mkupuo mmoja tu. Ikitokea kinyume, wa tatu wamepata sana kuliko wa kwanza, kagua mlango wa ukumbi.

Na kwa mwenye kiti cha magurudumu: pima urefu wa meza wiki moja kabla. Vituo vya hadubini ndivyo vinavyoshinda watu. Hadubini moja ya akiba iwekwe kwenye meza fupi ikiwa na slaidi inayofanana, fundi abadilishe slaidi hiyo kila kengele.

MkufunziPasua

Nimewaelewa wote. Nachukua vipande badala ya karatasi moja, hadubini 7 na 2 za akiba, na vyakula siku ya pili. Kesho napeleka ratiba idarani, na Jumamosi tunafanya jaribio la mzunguko mzima na walimu wenyewe tukishika kengele.